Rangi ya Buluu ya Lorian

Kinamasi cha Lorian kimechorwa mara nyingi, na kila kilipochorwa kilitoka na umbo jingine. Ukizipanga ramani zake kwa miaka utaona ziwa, kisha kinamasi kikubwa, kisha kidogo, kisha vistari vya buluu vilivyokatikakatika katikati ya vichaka. Wengi wakiona hivyo husema wachoraji wa kale walibahatisha. Mimi ni mzaliwa wa Garissa, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia kuchora maji kwenye ramani katika ofisi moja jijini Nairobi. Nasema karibu wote walichora walichokiona. Walichoacha kutuambia ni walikiona mwezi gani.

Kwanza tuelewane kuhusu nchi yenyewe. Mto Ewaso Ng'iro huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, hukata Laikipia na Samburu, hupita Archers Post, huporomoka pale panapoitwa Chanler Falls, kisha huingia kwenye uwanda wa Merti. Kuanzia hapo hauna mteremko wa kuusukuma. Maji hutapakaa, matete huota, tope hutuama, na hapo ndipo Lorian, kati ya Merti na Habaswein. Ng'ambo ya kinamasi kuna laga pana ya mchanga, Lagh Dera, inayoelekea kusini mashariki hadi Liboi na kuvuka kwenda Somalia, upande wa mto Juba. Miaka mingi laga hiyo ni barabara ya ngamia. Miaka ya mafuriko makubwa ni mto kamili. Tena mafuriko yake hayasubiri wingu la Wajir: mvua hunyesha mlimani, mamia ya kilomita kutoka hapo, na maji huwafikia watu wa Habaswein chini ya jua kali, mbingu nyeupe kabisa.

Habari za Lorian ziliwafikia Wazungu kabla hawajaiona. Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, alipita Laikipia mwaka 1887 na msafara wa Count Teleki, akaifuata Ewaso Ng'iro kipande kidogo. Miaka mitano baadaye alirudi na Mmarekani kijana, William Astor Chanler, aliyekuwa na umri wa miaka 25 na pesa za kutosha. Walitoka pwani ya Lamu Septemba 1892 na wapagazi wa Zanzibar, askari wa Kisudani na Wasomali, wakapanda na mto Tana hadi Hameye, wakaweka kambi, kisha wakakata kwenda kaskazini. Walikuwa wakitafuta ziwa. Desemba mwaka ule waliifikia Lorian, wakakuta matete na tope.

Chanler alisikitika, na wasomaji wa kitabu chake cha mwaka 1896 wakasikitika pamoja naye. Mimi nikikisoma nasimama kwenye ule mwezi. Desemba ni mwisho wa Deyr, yaani vuli yetu. Mvua ya vuli ikiwa haba, Desemba tayari ni ukavu. Ikiwa nzuri, kinamasi kinakuwa kimejaa na mbu wamo. Waliowasimulia habari za maji makubwa hawakuwa waongo. Walisimulia mwaka waliouona wao.

Kazi ya von Höhnel naiheshimu, kwa sababu najua alichokuwa nacho. Alipima jua na nyota kwa sekstanti, kama baharini. Saa za kronomita zilibebwa begani, na zikitikiswa huchelewa, na saa ikichelewa dakika moja, mahali ulipo husogea kwenye ramani karibu kilomita 28 mashariki au magharibi. Kati ya nyota na nyota alikwenda kwa dira na kwa mwendo: tumetembea saa tatu, tumegeuka kiasi hiki. Agosti 1893 kifaru alimchoma pembe vibaya, akabebwa hadi pwani, na ramani ya sehemu iliyobaki ikapoteza jicho lake. Baadaye wapagazi wakamkimbia Chanler, naye akarudi pwani mwanzoni mwa 1894.

Tana ilikuwa imeanza kuchorwa kabla ya hapo, kwa sababu Tana ni njia. Clemens Denhardt na daktari Fischer waliupanda mwaka 1878. Mwaka 1891 Kamanda Dundas wa jeshi la majini la Uingereza aliupanda na meli ya mvuke ya Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki, yenye gurudumu la kusukumia nyuma, iliyoitwa Kenia, akafika nayo Hameye. Mwaka uliofuata akaingia na meli hiyo Juba hadi Bardera, akaona gofu la meli ya Baron von der Decken iliyovunjika huko mwaka 1865, baron mwenyewe akauawa.

Mtu anayechora mto akiwa ndani ya meli huona kuta mbili za miti na kona iliyo mbele. Hupima kina kwa kamba, husoma dira kila kona, huandika saa. Asichokiona ni kule nyuma ya miti, ambako mto ulikuwa ukipita zamani na utapita tena. Hapa Garissa jambo hilo halihitaji mtaalamu. Shamba la marehemu baba yangu lilikuwa kwenye kona, karibu na malka ambapo ng'ombe walishuka kunywa. Mafuriko ya 1961 yalikula ukingo pamoja na safu ya mbele ya miembe, na upande wa pili ukaota mchanga mpya ambao watu waliulima mahindi msimu uliofuata. Mstari wa mto ulibaki ule ule kwenye karatasi. Hadi leo Garissa na Tana River wanabishana kama mpaka wa kaunti uko mtoni au maili tatu kutoka mtoni, na kila nikisikia ubishi huo nataka kuuliza: mto wa mwaka gani?

Mabwawa yalipojengwa juu, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, mafuriko ya kawaida yalipungua na mashamba ya ukingoni yakakosa tope lake la kila mwaka. Ramani nyingi za Tana wanazotumia watu ofisini zilitokana na mto wa kabla ya hapo.

Upande wa kaskazini wapimaji walikuja kwa sababu ya mipaka. Kapteni Philip Maud wa Wahandisi wa Kifalme alipita mpaka wa kusini wa Uhabeshi mwaka 1902 na 1903 katika msafara wa Archibald Butter, na mstari wake ukawa msingi wa makubaliano ya Desemba 1907 kati ya Uingereza na Mfalme Menelik. Meja Gwynn akaja kuupima tena mwaka 1908 na 1909. Hao walikuwa na bahati ya milima. Moyale ina vilele. Unaweza kuweka chombo juu ya kimoja ukakiona cha pili, ukajenga pembetatu hadi pembetatu. Kadiri unavyoshuka kuja kwetu, vilele vinaisha.

Hapa napenda nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo lililoifanya nchi yetu iwe ya mwisho kuchorwa. Mji wa Garissa uko kiasi cha mita 150 tu juu ya bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Ramani zinazochora mistari ya mwinuko kila mita 20 zinaweza kuacha zaidi ya kilomita 20 kati ya mstari na mstari. Anayesoma ramani ya Murang'a huona mto kwa sababu mistari imejikunja na kuonyesha bonde. Anayesoma ramani ya Lagh Dera hana mkunjo wowote. Nusu mita ya udongo huamua maji yaende kulia au kushoto, na nusu mita hiyo haikuingia kwenye ramani yoyote niliyowahi kuishika. Kisha kuna vichaka. Unasimama na theodolaiti kwenye miti ya miiba iliyokuzidi urefu, unaona hatua chache mbele yako basi.

Baadaye msafiri Ignatius Dracopoli alitoka Jubaland, ambayo wakati huo ilikuwa ya Waingereza, akavuka pori hilo hadi Lorian, na mwaka 1914 akatoa kitabu cha safari hiyo. Swali la zama zile lilikuwa kama maji ya Ewaso Ng'iro yanafika Juba. Msomi wa London alitaka jibu moja, ndiyo au hapana. Mchungaji yeyote wa Kisomali, wa ukoo wa Aulihan au wa Mohamed Zubeir, angemjibu kwa mwaka.

Baada ya vita vya kwanza Uingereza iliwapa Waitalia Jubaland, kwa mkataba wa Julai 1924. Tume ya mpaka ikafanya kazi kuanzia 1925 hadi 1927, upande wa Waingereza ukiongozwa na Luteni Kanali King. Mstari uliteremka kutoka Mandera, ukapita El Wak, ukafuata karibu na longitudo ya 41 mashariki ukikata Lagh Dera, ukaenda hadi baharini Ras Kiambone. Kwenye nchi isiyo na vilele, mpaka ulikatwa kwa panga: njia iliyonyooka ndani ya vichaka, na nguzo zenye namba. Wakazi wa Mandera wana mahali wanapopaita BP One, yaani nguzo ya kwanza, na magari husimama hapo kila siku. Nguzo ya 29, ya mwisho kabla ya bahari, ilisomwa The Hague: Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, ilianzia kwenye nguzo hiyo. Wapimaji waliotembea na ngamia na mapipa ya maji walifanya kazi iliyodumu karibu karne.

Ila tazama tofauti. Nguzo ina namba na tarehe. Kisima kilichoandikwa kando ya mstari ule ule kina jina tu, na jina hilo lilitoka kwa kiongozi wa njia ambaye hakuandikwa popote. El Wak, Dif, Liboi: mtu aliulizwa, akajibu, akalipwa au hakulipwa, akaenda zake. Angeulizwa pia maji ya hapo hukauka lini angejibu, kwa sababu hilo ndilo analolijua kuliko yote. Kwetu kabla ya kuhamisha mifugo hutumwa sahan, vijana wawili au watatu wanaotangulia kukagua maji na malisho. Wakirudi hawasemi tu silanga, yaani bwawa la kunyweshea, iko wapi. Husema ina maji ya siku ngapi, ya ngamia wangapi, nani ameshafika, na kama maji yameanza kuwa machungu. Huo ni upimaji, na umekamilika kuliko karatasi nilizochora mimi.

Vita vya pili vilileta ndege. Januari na Februari 1941 jeshi la Jenerali Cunningham lilitoka Garissa na Bura likavuka hadi Kismayu, ambayo ilitwaliwa tarehe 14 Februari, kabla mvua za Gu, yaani masika, hazijageuza njia kuwa tope. Jeshi linahitaji ramani, na hapa zilikuwa chache mno. Baada ya vita Uingereza iliunda Idara ya Upimaji wa Makoloni mwaka 1946, na ndege za Lancaster za kikosi cha 82 zikapiga picha sehemu kubwa za Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuiona laga yote kwa jicho moja.

Nami kazi yangu ilitokana na picha za aina hiyo. Picha mbili zilizopishana kidogo huwekwa chini ya stereoskopu, jicho la kulia lione moja na la kushoto lione nyingine, na ghafla ardhi huinuka: miti inasimama, kingo zinakuwa na kina. Kisha unakwenda kwenye meza yenye taa chini. Juu yake kuna filamu iliyopakwa utando wa rangi, na kalamu yako ni kijiti chenye ncha ya yakuti. Huandiki, unakwaruza. Palipokwaruzwa mwanga hupita, na hapo ndipo wino utakapokaa kiwandani. Kila rangi ina filamu yake: nyeusi ya majina na nyumba, kahawia ya mwinuko, nyekundu ya barabara, kijani ya miti, buluu ya maji. Mimi nilikuwa mtu wa buluu. Mto wa kudumu ni mstari mzima. Laga ni mstari uliokatika. Kinamasi ni alama ndogo za majani juu ya vistari vya kulala. Mkono ukitetemeka, laga imepata kona ambayo Mungu hakuiumba.

Nilivyozoea kusoma tarehe pembeni mwa picha ndivyo nilivyopata hoja hii niliyoishika hadi leo. Rubani wa picha anahitaji anga safi. Wingu moja linaharibu mstari mzima wa kuruka. Kwetu anga safi ni Jilaal, Januari hadi Machi, kiangazi kikali, wakati majani yamepukutika na ardhi iko wazi. Kwa hiyo tuliletewa nchi yetu ikiwa na kiu, na tukaichora hivyo. Laga niliyoijua, ambayo ndugu zangu waliwahi kukaa ng'ambo yake siku kadhaa wakisubiri maji yapungue, kwenye picha ilikuwa utepe mweupe wa mchanga. Niliuliza kama ningeweza kuandika kando yake kwamba hujaa Aprili. Jibu lilikuwa kwamba ramani hufuata picha. Nikakwaruza mstari uliokatika.

Karatasi nyingi za kaskazini mashariki ni za kipimo cha 1:100,000, wakati nyanda za juu na pwani zina za 1:50,000. Ninajua sababu iliyotolewa, kwamba huku watu ni wachache. Lakini huku maji ndiyo machache, na anayechora maji machache anahitaji kipimo kikubwa zaidi, siyo kidogo.

Baada ya kustaafu nilikwenda Habaswein na karatasi yangu mwenyewe iliyokunjwa, nikaitandika mbele ya wazee chini ya mti. Mzee mmoja mpole aliiangalia kwa muda mrefu.

"Abti," nilimuuliza, "Lorian inaishia wapi?"

"Mwaka gani?"

Akaanza kunionyesha kwa fimbo. Mwaka wa mafuriko yale makubwa baada ya vuli ya 1997, maji yalifika hapa, na hapa, watu wakahamia kwenye kichuguu kile. Miaka ile mingine ya ukame yaliishia kule, na kuna miaka hayakuja kabisa. Nilimpa penseli, naye akachora kingo tatu juu ya buluu yangu, na moja ya hizo ilipita nje kabisa ya alama nilizokuwa nimekwaruza.

Gharama ya kutoziweka kingo hizo kwenye karatasi tumeiona. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara za Garissa, Wajir na Mandera, maji yakapita kwenye laga ambazo ramani inazionyesha kama vistari tu, na ambazo watu wageni walijenga ndani yake kwa sababu walikuta mchanga mkavu. Aprili 2024 Tana ilifunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, na boti iliyokuwa ikivusha watu ikazama Kona Punda, watu wakafa. Miti ya mathenge nayo imejaza kingo na mabonde madogo, ikayaelekeza maji kwingine. Hata picha za rada zilizopigwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambazo programu nyingi za mafuriko huzitegemea kwa mwinuko, kwenye kichaka kinene husoma vilele vya miti na kuviita ardhi.

Halafu kuna maji ya chini. Chini ya Merti, Habaswein, Dadaab hadi Liboi limelala tabaka la maji ambalo wataalamu huliita tabaka la Merti. Yaliyo katikati, kufuata njia ya laga, ni matamu. Ukitoka pembeni unachimba zaidi ya mita 100 na kupata chumvi. Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992, zimeishi kwa visima vya tabaka hilo. Anayeamua pa kuchimba huanza kwa kuangalia buluu kwenye ramani. Buluu ya Jilaal humwonyesha utepe mwembamba kuliko ule ambao mafuriko huulisha.

La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Laikipia na miteremko ya Mlima Kenya sasa ina mashamba mengi ya kumwagilia, na wakati wa kiangazi Ewaso Ng'iro hukauka kabla ya kufika mbali. Ulipotangazwa mpango wa bwawa kubwa pale Crocodile Jaws, wafugaji wa chini waliupinga, kwa haki. Katika mabishano kama hayo ni rahisi mtu wa juu kufungua ramani na kusema: tazameni, Lorian ilikuwa kavu tangu zamani. Na ramani anayoifungua inaweza kuwa ya mkono wangu. Bila tarehe ya msimu, hakuna wa kutenganisha ukavu wa Februari na ukavu ulioletwa na pampu.

Sasa upo uwezo ambao sisi hatukuwa nao. Setilaiti za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hupiga picha kwa rada, na rada hupenya wingu. Lorian inaweza kuonekana katikati ya Gu, mvua ikinyesha, bila kusubiri anga ya rubani. Vijana wa vyuo vya Garissa wanazipakua picha hizo bure na kuzifungua kwenye kompyuta ndogo. Ninachowaomba ni hiki: karatasi ya Habaswein ikichapishwa tena, iwe na buluu mbili, ya Jilaal na ya Gu, kila moja na mwezi na mwaka wake umeandikwa juu ya maji yenyewe, siyo pembeni kwa herufi ndogo. Na kabla haijaenda kiwandani ipelekwe kwanza Habaswein, ile penseli ya mzee ipite juu yake, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya wapimaji.